Ninunue Hisa za Kampuni za Teknolojia au Niache? Mwongozo wa Kuamua Kabla ya Kutoa Fedha

Kila hisa za kampuni fulani zinapopanda hadi zikatajwa kwenye taarifa ya habari, maswali yanayonifikia huwa yale yale. "Nina laki tano, niweke Vodacom?" "Safaricom imepanda, nimeshachelewa?" "Niko Mwanza, ninaweza kununua Nvidia?" Anayeuliza hutaka jibu la neno moja. Siwezi kulitoa, kwa sababu sijui fedha hizo ni za nini, zitahitajika lini, na nani mwingine nyumbani anazitegemea.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kununua hata hisa moja. Ukiufuata utaishia na karatasi moja yenye uamuzi wako: nunua, subiri, au achana nayo. Nasema mapema kwamba wengi wanaofika mwisho kwa uaminifu huandika "subiri", na hilo halina aibu yoyote. Soko la hisa litakuwepo mwakani.

Andaa haya kwanza

- Karatasi na kalamu. Usiandike kwenye simu, maana utafuta usichokipenda.
- Akiba ya dharura inayotosha matumizi ya miezi mitatu hadi sita, iwe mahali unapoweza kuitoa haraka: benki, mfuko wa soko la fedha kwa walio Kenya, Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya mifuko ya uwekezaji) kwa walio Tanzania.
- Orodha ya madeni yako, na riba ya kila deni pembeni.
- Kitambulisho cha taifa, namba ya mlipa kodi, na akaunti ya benki iliyo kwa jina lako wewe.
- Taarifa ya mwaka ya kampuni unayoifikiria. Zinapatikana bure kwenye tovuti za kampuni, sehemu ya wawekezaji. Pakua yenyewe. Vipande vinavyozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp haviwezi kuchukua nafasi yake.
- Jioni mbili tatu zenye utulivu.

Kama akiba ya dharura haipo, ishia hapa na uanze nayo. Kama una mkopo wa simu unaokutoza asilimia 7 au 8 kwa mwezi, lipa huo kwanza. Hakuna hisa duniani inayoweza kukuahidi faida ya kiasi hicho kila mwezi, na anayekuambia ipo anataka fedha zako.

Hatua ya 1: Andika tarehe utakayozihitaji fedha hizi

Juu kabisa ya karatasi andika fedha hizi ni za nini na zitahitajika mwaka gani. Ada ya Januari? Kiwanja unachomalizia kulipa? Mahari? Kama zitahitajika ndani ya miaka mitano, uamuzi umekwisha kufanyika: usinunue hisa za teknolojia. Ziweke kwenye hati fungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali kwa riba, au mfuko wa pamoja ambao fedha zake unaweza kuzitoa haraka.

Sababu iko kwenye historia ya bei zenyewe. Fahirisi (kipimo cha bei za hisa nyingi kwa pamoja) ya Nasdaq ya Marekani, inayobeba kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kilele Machi 2000 ikiwa juu ya pointi 5,000. Kufikia Oktoba 2002 ilikuwa karibu 1,100. Aliyenunua kileleni alisubiri hadi 2015 ndipo fahirisi ikarudi pale pale alipoanzia.

Kwetu pia yapo. Hisa ya Safaricom ilikaribia shilingi 45 za Kenya Agosti 2021, na mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni haikuwa imekufa. M-Pesa ilikuwa inafanya kazi kila siku, na gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, liliendelea kulipwa, ingawa lilipungua kutoka shilingi 1.39 kwa hisa hadi 1.20. Wawekezaji wa nje walikuwa wanauza na kuondoka, riba za Marekani zilikuwa zimepanda, na uwekezaji wa kampuni nchini Ethiopia ulikuwa unameza fedha. Mwenye muda alipokea gawio na kungoja, na 2025 bei ikavuka tena shilingi 25. Mwenye ada ya shule aliuza kwa thuluthi ya bei aliyonunulia.

Hatua ya 2: Eleza kwa sentensi mbili kampuni inalipwa na nani

Andika: nani anailipa kampuni hii, na anailipia nini? Usitumie maneno kama "ubunifu", "mustakabali" au "akili bandia". Andika kama unamweleza mama mwenye duka la jumla, atakayekuuliza mara moja faida inatoka wapi.

Meta na Google zinalipwa zaidi na watangazaji wa biashara. Microsoft inalipwa na makampuni yanayokodi programu zake na uwezo wa kompyuta zake kila mwezi. Apple inauza simu, kisha inakata ada kwenye huduma zinazopita ndani ya simu hizo. Nvidia inauza chipu, na sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwa wateja wachache wakubwa wanaojenga vituo vya data. Hao wakipunguza kasi ya kununua, Nvidia inaumia siku hiyo hiyo. Tarehe 27 Januari 2025 ilishuka asilimia 17 kwa siku moja, thamani ya karibu dola bilioni 600, baada ya kampuni ya Kichina ya DeepSeek kuonyesha mfumo wa akili bandia uliosemekana kujengwa kwa gharama ndogo.

Safaricom wengi huiita kampuni ya simu, lakini zaidi ya asilimia 40 ya mapato yake ya huduma hutoka M-Pesa. Kwa hiyo anayenunua hisa yake ananunua biashara ya kuhamisha fedha, na anapaswa kufuatilia kodi za miamala na maamuzi ya Benki Kuu ya Kenya kuliko anavyofuatilia bei ya bando. Tanzania tuliona jinsi hilo linavyouma. Vodacom Tanzania iliandika hasara katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, kipindi ambacho laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zimefungwa. Julai mwaka huo ikaja tozo ya miamala ya simu, na watu wakapunguza kutuma. Uamuzi wa serikali unaweza kugusa faida ya kampuni hizi kuliko mshindani yeyote.

Kosa la kawaida: kununua kwa kuwa unaipenda bidhaa. Mwaka 2000 Nokia ilikuwa mikononi mwa nusu ya mtaa, na huo ndio mwaka hisa yake ilipofika kilele. Miaka ya baadaye simu zake ziliendelea kuuzwa kwa mamilioni Afrika nzima huku hisa ikiporomoka, hadi biashara ya simu ikauzwa kwa Microsoft. Kuipenda simu ni mwanzo mzuri wa kuichunguza kampuni. Uchunguzi wenyewe bado hujaufanya.

Ukishindwa kuandika sentensi mbili, jibu lako ni "achana nayo". Wala usijilaumu.

Hatua ya 3: Tafuta namba nne kwenye taarifa ya mwaka

Taarifa ina kurasa mia mbili na picha nyingi za wafanyakazi wanaotabasamu. Wewe tafuta namba nne, za miaka mitatu mfululizo, uziandike kwa safu.

*Mapato.* Yanakua, yamesimama, au yanashuka?

*Faida baada ya kodi.* Hapa usisome mstari mmoja ukaridhika. Chukua Safaricom, mwaka ulioishia Machi 2025. Biashara ya Kenya peke yake ilipata faida ya takribani shilingi bilioni 95. Ukijumlisha hasara ya Ethiopia, faida iliyowahusu wanahisa wa Safaricom ilibaki karibu bilioni 70. Namba zote mbili ni za kweli, na zote zilitangazwa magazetini. Anayetaka kukuuzia atakutajia ya kwanza. Wewe andika ya pili, kisha jiulize kama unaamini Ethiopia itakoma kula na kuanza kuleta. Leseni ya kule iligharimu dola milioni 850 mwaka 2021, huduma zikazinduliwa Oktoba 2022, na thamani ya birr, sarafu ya Ethiopia, ilianguka ilipoachiwa ifuate soko Julai 2024. Hilo ndilo swali kubwa la hisa hii. Anayekwambia inunue bila kulitaja hajaifanyia kazi.

*Madeni na fedha taslimu.* Kampuni ya teknolojia inayopata hasara huku fedha taslimu zikipungua kila mwaka italazimika kukopa au kutoa hisa mpya.

*Idadi ya hisa.* Wanaoanza karibu wote huiruka namba hii. Ikiongezeka mwaka hadi mwaka, kipande chako cha kampuni kinapungua hata kama hujauza kitu.

Kampuni ya Jumia itakuonyesha namba hizi zikifanya kazi pamoja. Iliorodheshwa Soko la Hisa la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, na siku ya kwanza tu ikapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Wengi wetu tulifurahi kwamba duka la mtandaoni linalojulikana Nairobi, Dar es Salaam na Kampala limefika huko. Lakini namba zilikuwa wazi tangu siku hiyo: hasara kila mwaka. Novemba mwaka huo huo ilifunga biashara yake Tanzania. Bei ilishuka chini ya dola 3 mwaka 2020, ikaruka hadi karibu 70 Februari 2021, kisha ikarudi kwenye dola chache. Katikati ya safari hiyo ilitoa hisa mpya ili kupata mtaji. Watu walitajirika kwenye hisa hiyo, na wengine walipoteza akiba yote, wakinunua kampuni ile ile. Kampuni isiyo na faida haina sakafu inayoonekana, kwa hiyo bei hubebwa na matumaini peke yake.

Maoni yangu, na nayashikilia: anayenunua kwa mara ya kwanza asiguse kampuni ambayo haijapata faida kwa miaka mitatu mfululizo. Atakosa baadhi ya zitakazopaa. Amazon ilikuwa ya hasara miaka yake ya mwanzo, na hisa yake ilianguka kutoka zaidi ya dola 100 mwishoni mwa 1999 hadi karibu dola 6 mwaka 2001 kabla haijawa hiyo tunayoijua. Jiulize kama ungeishika ilipofika 6. Mimi nadhani wengi wetu tusingeishika.

Hatua ya 4: Pima bei

Hisa ya shilingi 20 si rahisi kuliko hisa ya shilingi 500. Unachonunua ni kipande, na ukubwa wa kipande unategemea kampuni imekatwa vipande vingapi. Safaricom ina hisa zipatazo bilioni 40. Tuseme bei ni shilingi 20, ili hesabu iwe nyepesi:

1. Thamani ya kampuni nzima: bilioni 40 mara 20 ni shilingi bilioni 800.
2. Faida kwa kila hisa: bilioni 70 gawanya kwa bilioni 40 ni shilingi 1.75 hivi.
3. Bei gawanya kwa faida: 20 kwa 1.75 ni kama 11.4. Maana yake unalipa faida ya miaka kumi na moja na kidogo.
4. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2025: 1.20 kwa hisa. Mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5, anabaki na 1.14. Kwa bei ya 20 hiyo ni asilimia 5.7 kwa mwaka.

Sasa rudia kwa bei ya leo, kisha weka namba ya nne (asilimia ya gawio) pembeni ya riba ya hati fungani za serikali. Kama hati fungani inalipa zaidi ya mara mbili, basi unanunua hisa kwa imani kwamba faida itakua. Andika kwenye karatasi itakua kwa sababu gani. "Imekuwa ikipanda" haihesabiki kama sababu.

Namba ya tatu (bei gawanya kwa faida) ikiwa 10 au 12, matarajio ya soko ni ya kawaida. Ikiwa 40 au 60, soko limeshalipia ukuaji wa miaka mingi ijayo, na habari njema ya wastani inaweza kuishusha bei. Machi 2000 Cisco, iliyotengeneza mitambo ya intaneti, ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani kwa muda mfupi, ikiuzwa kwa zaidi ya mara 100 ya faida yake. Intaneti ilikua kweli, na Cisco ikaendelea kupata faida. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 hisa yake haikurudi kwenye kilele kile. Walionunua kileleni waliikisia teknolojia sawasawa, wakakosea bei.

Hatua ya 5: Chagua soko, na uhesabu gharama za njiani

Nyumbani una Safaricom kwenye soko la hisa la Nairobi (NSE), Vodacom Tanzania kwenye soko la hisa la Dar es Salaam (DSE), MTN Uganda na Airtel Uganda mjini Kampala, MTN Rwandacell mjini Kigali. Kwa ununuzi na kwa uuzaji, ada za dalali (kampuni inayokununulia na kukuuzia hisa) pamoja na tozo za soko hukaribia asilimia 2 kila upande Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo bei lazima ipande kama asilimia 4 ndipo uwe umerudisha ulichotoa. Anayenunua na kuuza kila mwezi anamfanyia kazi dalali.

Jambo la pili ni ukwasi, yaani kama utapata mtu wa kumuuzia. Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziwauzie wananchi asilimia 25. Maelfu ya Watanzania walinunua hisa kwa mara yao ya kwanza. Baadaye bei ilikaa chini ya 850 kwa muda mrefu na siku nyingi zilipita bila mauzo ya maana, hivyo hata aliyekubali hasara alisubiri mnunuzi. Airtel Uganda nayo, mwaka 2023, ilipata wanunuzi wa karibu nusu tu ya hisa ilizokuwa imetenga. Kabla ya kununua, angalia ripoti za kila siku za soko kwa wiki mbili: hisa ngapi zinabadilishana mikono? Kama ni mia chache, jua kwamba kutoka kutakuchukua muda.

Nje, kuna mambo matatu. *Sheria ya kutuma fedha:* aliye Tanzania aulize benki yake na CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Tanzania, kuhusu kanuni za fedha za kigeni kabla ya kutuma hata dola moja. *Kodi:* Marekani hukata asilimia 30 ya gawio kwa wakaazi wa nchi zisizo na mkataba nayo wa kodi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Utajaza fomu W-8BEN, ya kodi ya Marekani, unapofungua akaunti. *Sarafu:* hili ndilo linaloumiza kimya kimya. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Aliyebadilisha shilingi 160,000 akapata dola 1,000, akanunua hisa, ikapanda asilimia 10. Baadaye mwaka huo dola ilikuwa 129. Dola zake 1,100 zilikuwa shilingi 141,900. Hisa ilipanda, yeye akapata hasara. Inaweza pia kwenda upande mwingine. Lakini kuna anayeishi Muscat, Dubai au Minneapolis na kulipwa kwa dola au sarafu iliyofungwa nayo. Huyo hana haja ya kuogopa hili kama sisi.

Onyo: programu nyingi za simu zinazotangaza "nunua Apple kwa dola 10" hazikuuzii hisa. Zinakuuzia mkataba wa kubashiri bei, uitwao CFD, mara nyingi pamoja na mkopo ndani yake. Humiliki kitu, na bei ikitikisika kidogo fedha zote zinaweza kwisha. Tafuta neno hilo kwenye masharti kabla hujaweka fedha.

Hatua ya 6: Amua kiasi

Chukua kiasi unachofikiria, kigawe kwa mbili, kisha jiulize: nikiona hii ndiyo imebaki, nitalala? Mwenzangu wa ndoa atajua? Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Fedha za nyumba zinazowekwa kwa siri ndizo zinazouzwa kwa hofu siku ya kwanza bei ikishuka.

Meta ilishuka kwa zaidi ya asilimia 60 mwaka 2022, kisha ikakaribia kuwa mara tatu mwaka 2023. Aliyeweka kiasi alichoweza kukivumilia alikuwepo 2023. Kwa anayeanza, napendekeza hisa za teknolojia zote kwa pamoja zisizidi sehemu moja ya kumi ya akiba yake, na kampuni moja isizidi nusu ya hiyo. Unayetaka teknolojia ya Marekani na hujui uchague ipi, mfuko unaofuata fahirisi nzima utakusaidia kuliko kukisia mshindi.

Usikope. Mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, watu zaidi ya laki nane waliomba, na baadhi yao kwa mikopo ya benki. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, wakapewa pungufu. Ndani ya mwaka mmoja bei ilikuwa chini ya shilingi 5, na mkopo ukabaki palepale.

Hatua ya 7: Andika masharti ya kutoka

Kabla ya kununua, andika mambo matatu yatakayokufanya uuze. Yawe ya biashara, yasiwe ya bei. Mfano kwa Safaricom: mapato ya M-Pesa yakishuka miaka miwili mfululizo, hasara ya Ethiopia ikiongezeka badala ya kupungua, gawio likisitishwa bila maelezo ya kuridhisha. Weka tarehe na sahihi, mpe mtu unayemwamini nakala. Kisha andika uamuzi: nunua, subiri hadi bei au tukio fulani, au achana nayo.

Hatua ya 8: Kama umeandika "nunua"

1. Hakiki leseni ya dalali kwenye orodha ya mamlaka ya masoko ya mitaji: CMA kwa Kenya au CMSA kwa Tanzania. Orodha ziko kwenye tovuti zao.
2. Fungua akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kuhifadhia hisa zako, kupitia dalali huyo. Tanzania unaweza pia kutumia programu ya DSE ya Hisa Kiganjani.
3. Lipa kwenye akaunti rasmi ya kampuni, kamwe si kwenye namba binafsi ya wakala.
4. Weka oda yenye kikomo cha bei. Ukiiacha wazi kwenye soko lenye wauzaji wachache, utauziwa kwa bei usiyoitarajia.
5. Gawa fedha mara tatu au nne, nunua kwa miezi tofauti, mradi kila sehemu isiwe ndogo kiasi cha kuliwa na ada ya chini.
6. Baada ya siku tatu za kazi, omba taarifa ya akaunti ya CDS na uhakikishe hisa zimesajiliwa kwa jina lako.

Mambo yakienda kombo

*Oda haijatekelezwa wiki nzima.* Huenda kikomo chako kiko mbali na bei ya soko, au hakuna anayeuza. Angalia bei za wauzaji, kisha amua kama hesabu ya Hatua ya 4 bado inakubali bei hiyo. Isipokubali, futa oda.

*Bei imeshuka asilimia 30 na ninaogopa.* Toa karatasi. Kama hakuna sharti hata moja kati ya yale matatu lililotimia, biashara uliyonunua bado ipo. Usiongeze fedha siku hiyo na usiuze siku hiyo. Soma taarifa ya nusu mwaka kwanza.

*Imepanda mara mbili, niuze?* Rudia Hatua ya 4 kwa bei mpya. Kama imevuka kikomo cha Hatua ya 6, punguza, hata kama unaipenda.

*Gawio halijaingia.* Hakikisha ulikuwa na hisa kabla ya tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, na kwamba namba ya benki au ya simu uliyosajili bado inatumika. Wasiliana na msajili wa hisa, si dalali. Kenya, gawio lisilodaiwa kwa miaka kadhaa hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa, na unaweza kulidai huko.

*Dalali hapokei simu.* Andika barua pepe ili kuwe na kumbukumbu. Omba taarifa yako moja kwa moja kwenye kampuni ya amana za hisa: CDSC Nairobi au CSDR Dar es Salaam. Akiendelea kukaa kimya, peleka malalamiko CMA au CMSA. Hisa zilizo kwenye akaunti yako zinaweza kuhamishiwa kwa dalali mwingine.

*Mtu ameniongeza kwenye kundi la "wawekezaji wa hisa za AI", faida asilimia 20 kwa mwezi.* Ondoka. Usijaribu hata na kiasi kidogo, maana malipo ya kwanza hutolewa makusudi ili ulete ndugu zako.

*Je, ni halali kwa Muislamu?* Swali hili huja sana kutoka Zanzibar, Mombasa na Oman. Kiwango cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, huangalia biashara kuu ya kampuni, deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na mapato yasiyoruhusiwa yasizidi asilimia 5. Namba ulizokusanya Hatua ya 3 zitakusaidia. Mpelekee sheikh unayemwamini pamoja na maelezo ya huduma za mikopo za kampuni husika.

*Mwenye hisa amefariki.* Familia ipeleke cheti cha kifo na hati ya usimamizi wa mirathi kwa dalali au kampuni ya amana za hisa. Ili wajue pa kuanzia, andika leo namba yako ya CDS na jina la dalali, uziweke pamoja na hati nyingine za nyumba.